"Na huyu anakula nini?" Kahawa yangu ya Neema Crafts, Iringa

Nianze na kazi yangu ili mnielewe ninakotokea. Mi napiga picha za matukio, harusi, send-off, vikao vya makampuni, na ikifika msimu wa tuzo ndo usiniulize, kama kuna mtu amepiga picha nyingi za mabosi wameshika kile kioo kilichoandikwa sijui uongozi bora sijui ujumuishi basi ni mimi. Dogo langu, yani mdogo wangu, ndo msaidizi wangu, anashika taa, anabeba stendi, anajua lensi gani nataka kabla sijaitaka. Dogo ni kiziwi tangu utotoni, amesoma shule ya viziwi ya Buguruni, Dar. Miaka yote tunafanya kazi pamoja na mi lugha ya alama najua ile ya kuombea maji tu, aibu yangu hiyo naisema mwenyewe kabla hamjanisema.

Sasa kuna usiku mmoja Dar, sitaji ukumbi wala kampuni maana wale wateja na watoto wanataka ada, kulikuwa na hafla ya kumtunuku kiongozi mmoja wa biashara kwa kukuza utofauti na ujumuishi kazini. Shughuli nzuri, maua, vitambaa vya meza vyeupe, na safari hii waandaaji walijitahidi kweli, walialika meza nzima ya vijana viziwi na wakamweka mkalimani pembeni ya jukwaa. Mi nikasema leo sawa. Ikafika zamu ya bosi, MC akasema tuone video fupi ya safari yake, taa zikazimwa. Zote. Na mkalimani naye akazimwa nazo, yupo pale pale anarusha mikono gizani, hakuna anayemwona. Dogo akanigusa bega akanionyesha. Nikainua kamera nikapiga, nikaenda kuikuza ile picha nyumbani, unaona giza na saa ya mkononi ya mkalimani inang'aa, basi. Taa zilipowaka watu wamesimama wanapiga makofi, na ile meza ya vijana nao wakasimama wakapunga mikono hewani kama wanavyoshangilia wenyewe, wanamshangilia mtu ambaye hawajui amefanya nini.

Hiyo picha sijamtumia mteja. Ila ndo iliyonifanya nikafika Neema Crafts nikiwa na jicho lingine.

Basi tulipata kazi Iringa, send-off ya binti wa rafiki wa mzee wetu, tukapanda basi asubuhi na mabegi yetu ya kamera magotini, kama kilomita 500 hivi kutoka Dar, Morogoro, Mikumi mnawaangalia pundamilia dirishani, halafu mlima Kitonga wenye makona, pale ambapo hata asiyesali anasali. Tumefika Iringa kuna kibaridi, sisi tumevaa fulana za Dar. Siku ya pili shughuli ni jioni, asubuhi tupo huru, nikamwambia dogo twende kwenye ile kafe niliyoisikia siku nyingi, ya viziwi. Akaniangalia kama vile nimemwambia twende mbinguni kwa bodaboda.

Kwa asiyeijua: Neema Crafts ipo Iringa mjini, ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, mwanzilishi ni mama wa Kiingereza anaitwa Susie Hart, alianza na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndio umesoma vizuri, kinyesi cha tembo. Kutoka watu watatu pakafika mahali pana watu zaidi ya 100 wenye ulemavu wa aina mbalimbali wanafanya kazi pale, wanafuma, wanashona, wanatengeneza shanga za vioo vya chupa zilizotumika, kuna duka, kuna nyumba ya wageni, na kuna hiyo kafe ambayo wahudumu wake ni viziwi.

Sasa nisikilize jinsi ya kuagiza maana hapo ndo penyewe. Hakuna kupiga mluzi, hakuna "oya dada", hakuna kugonga glasi na kijiko. Kuna karatasi na kalamu, unaandika unachotaka, unaonyesha, mhudumu anasoma, anakubali kwa kichwa, kazi imeisha. Na alama za maneno ya kawaida zipo zimechorwa unajifunza hapo hapo ukisubiri, ahsante, chai, nzuri. Mi nimekaa nimeshachukua kalamu, nimeshaandika "kahawa", naanza kujisifu moyoni kwamba naweza, kumbe mhudumu hata hanitazami. Anamtazama dogo. Dogo kasalimia kwa mikono na yule kijana kafunguka uso wote, wakaanza, na mikono ile ilikuwa inakwenda kasi sijawahi kuiona, maana dogo akiongea na mimi huwa anapunguza mwendo kama mtu anayeongea na mgeni wa Kiswahili, nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo nilidhani ndo spidi yake.

Halafu mhudumu akanigeukia kidogo, akarudi kwa dogo, akanyoosha kidole kwangu akauliza kitu. Hata mimi wa kuombea maji nilikielewa.

Huyu anakula nini?

Jamani. Nimeingia na dogo kwenye migahawa mingapi sijui, kuanzia ya chipsi mpaka ya hoteli, na kila mahali mhudumu akishagundua tu kwamba huyu hasikii anageuka kwangu, "na yeye anakula nini?", mtu mzima ana ndevu, ana familia, ana kitambulisho cha taifa, anaulizwa kupitia kwangu kama mtoto wa chekechea. Na mi nilishazoea, najibu tu, wali kuku. Siku hiyo nikaulizwa mimi kupitia kwake. Na dogo hakuniuliza! Akajibu tu mwenyewe, kwa raha zake, akaniagizia chai ya maziwa na keki wakati kalamu yangu imeandika kahawa, na aliponiona nakunja uso akacheka mpaka akainama. Nikajua hiyo ni deni la miaka, nikainywa. Baadaye kahawa nikaiagiza kwa karatasi yangu mwenyewe, na kahawa ya pale ni nzuri, sio ile ya kopo na maji ya moto, na keki ilikuwa laini ya kuokwa sio ya kununuliwa dukani, dogo alikula mbili na ya kwangu nusu.

Kuna jambo lingine lazima niliseme hata kama linanidhalilisha. Viziwi wana majina ya alama, kila mtu anapewa jina lake kutokana na kitu chake, kovu, mwendo, nywele. Dogo tangu utoto akiniita anazungusha kiganja tumboni. Mi nimeishi na akili yangu yote nikiamini hiyo ni alama ya "kaka". Sasa ananitambulisha kwa mhudumu, akazungusha kiganja tumboni akanionyesha, na yule kijana akaniangalia usoni, akashuka tumboni, akarudi usoni, akakubali kwa kichwa kwa heshima zote kwamba ndio, jina limekaa. Nimefika Iringa kujua kwamba naitwa Kitambi. Na nilikuwa nalo hata nilipokuwa mwembamba, mama anasema nilikuwa mlafi.

Wakabishana pia kidogo, sio ugomvi, kuna alama dogo ametoa ya Buguruni mwenzake hakuitambua, akatoa ya kwake, wakaanza hii mnaitaje na hii mnaitaje, kama mtu wa Pemba na mtu wa Bukoba wanavyochekana Kiswahili. Mi nimekaa na chai yangu ya maziwa, nje ya mazungumzo kabisa, nageuza kichwa huku na huku kama naangalia tenisi. Nikajisemea kumbe ndo hivi anavyokaa kwenye vikao vya ukoo.

Tukishamaliza tukazunguka karakana, wanaruhusu wageni kuona kazi, na kwa mpiga picha hapo ndo unaweza kulala. Nilimwomba mmoja ruhusa kupitia kwa dogo, akakubali, nikampiga akitengeneza karatasi. Kumbe siri yote ipo tumboni kwa tembo, anakula majani na magome kwa magunia ila hasagi vizuri, nyuzi zinatoka karibu vile vile zilivyoingia. Kinaoshwa, kinachemshwa, kinapondwa mpaka unabaki uji wa nyuzi, hakinuki, nimeinama na pua yangu nimethibitisha. Halafu uji ule unaachwa uelee kwenye beseni la maji, anazamisha fremu yenye wavu, anaiinua taratibu sana, anatikisa kidogo kulia kushoto nyuzi zijipange, maji yanachuruzika na pale juu ya wavu imebaki ngozi nyembamba inang'aa, hiyo ndo karatasi mbichi. Nilipiga picha nyingi za ile sekunde ya kuinua. Mikono imetulia kabisa. Kwenye harusi natafuta mkono uliotulia siupati, bibi harusi anatetemeka, bwana harusi anatetemeka, shangazi ndo kabisa.

Dukani nimenunua kijitabu cha hiyo karatasi, ukiiinua kwenye mwanga unaona vipande vya nyasi, na mama watoto nikamchukulia shanga za vioo, akaniuliza umefanya kosa gani. Bei sio za genge na wala sio zile za duka la watalii la Arusha ambapo unauliza bei halafu unajifanya umepigiwa simu. Mi naona ni halali, ni kazi ya mikono na ukiangalia mshono unaona.

Sasa nirudi kwenye tuzo, maana ndo kilichonifanya niandike.

Huyu mama Susie Hart kwao Uingereza alishavishwa nishani ya MBE, ile ya heshima ya kifalme, na mi nasema sawa, kastahili. Najua kuna watu hapa wataguna, mzungu tena, kanisa tena, kwani sisi hatuwezi. Hata mi nimeguna njiani. Ila nilipokaa pale na kuona yule mhudumu anavyotembea, mgongo umenyooka, anajua kazi yake, anamcheka mteja mwenye kitambi, nikaona huo mjadala mwingine una nafasi yake lakini sio pale mezani. Na wenyeji wapo wanaofanya, Nairobi kuna Pallet Cafe ya Feisal Hussein, nayo wahudumu wake wengi ni viziwi na watu wanapanga foleni kwa chakula sio kwa huruma. Kwa hiyo tusiseme haiwezekani Afrika, inawezekana kwa basi la siku moja tu.

Kinachoniuma ni sisi wa mjini. Sheria tunayo, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 angalau asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu wenye sifa. Asilimia 3 jamani! Piga hesabu, kampuni ya watu 100 ni watu watatu. Ya watu 20 inatoka 0.6, yani haifiki hata mtu mmoja mzima, unaajiri mtu mpaka kiunoni. Na hapo hapo unakuta ofisi kubwa mapokezi yana glasi ya tuzo ya ujumuishi, na ngazi sita za kupandia kwenda kuiona hiyo glasi. Nimepiga picha ngazi za hivyo. Mteja aliniambia nisizitoe ngazi kwenye picha zinapendeza.

Dogo kabla hajaanza kufanya kazi na mimi alienda usaili hoteli moja, kazi ya kufua mashuka. Kufua mashuka! Mashine inasikia nini? Akaambiwa aje na mtu anayesikia amsimamie, akaniita nikaenda, wakaniuliza mimi maswali yote, na mwisho wakaniambia mimi kama naitaka kazi ipo. Sio utani. Tulitoka pale hatujaongea mpaka Ubungo. Siilaumu hoteli kwa jina, pengine yule afisa hayupo tena, ila nilipokuwa naangalia ile kafe imejaa, watu wa Iringa, wanafunzi wa chuo, wazungu wa mbuga ya Ruaha na mabuti yao ya vumbi, wote wanaandika kwenye vikaratasi na dunia haijaisha, nilikasirika upya.

Maana mabadiliko yaliyohitajika pale ni kitu gani? Kalamu. Kalamu na karatasi na mtu mmoja aliyeamua kwamba mteja ndo atasogea hatua moja, sio kiziwi ndo asogee zote. Wengine tunatafuta wafadhili na semina za siku tatu na posho.

Mambo ya kukusaidia ukienda: usiende na haraka, hapo sio pa kuvizia chai kabla ya basi. Andika vizuri, herufi zako za daktari ziache nyumbani, usipige kelele ukidhani ukiongeza sauti ndo utaeleweka, niliona baba mmoja anafanya hivyo kwa mhudumu, mke wake akamkanyaga mguu. Jifunze angalau ahsante, vidole vya mkono vinaanzia kidevuni vinashuka kwa mbele, mtu akikuona umejaribu anachangamka. Usiwaite mabubu tafadhali, ni viziwi, wenyewe wanajiita viziwi na hawaoni aibu, neno lile jingine ndo linauma. Na kama una ndugu kiziwi mpeleke, halafu kaa kimya umwache aagize.

Maksi nawapa 9 kwa 10. Moja nimeibakiza kwa sababu wapo Iringa na mi nakaa Tabata, Dar.

Tuliondoka asubuhi ya pili. Dogo na yule kijana walishapeana namba, na tukiwa tunashuka Kitonga, basi linapiga kona na abiria wameshika viti, yeye ameegesha simu kwenye begi la kamera anapiga stori kwa video, mikono miwili hewani, hashiki kitu, konda anamwangalia. Nilikuwa naiona skrini kwa pembeni. Nikaona yule wa Iringa anauliza kitu na kiganja kinazunguka tumboni, na dogo anajibu, akanigeuzia kamera nikiwa nimefumba macho nasali.

Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na mratibu wa hafla nyingine ya tuzo, na safari hii tena kipengele ni ujumuishi, bajeti nzuri tu. Akanitajia tarehe, ukumbi, saa za kufika. Nikamuuliza swali moja, mkalimani wenu wa alama atasimama wapi, na taa yake nani anaishika, maana nina dogo langu na taa moja ya ziada naweza kumwekea bure kabisa isizimwe hata video ikiwaka. Akasema ngoja aulize, atanirudia.

Sasa hivi ni siku ya kumi na moja.